Kabla Sauti Haijasikika: Walter Cronkite na Kazi ya Msomaji wa Habari



Nimeombwa niseme juu ya maisha na kazi ya msomaji wa habari wa televisheni. Ningeweza kuwatajia majina ishirini na kumpa kila mmoja sifa zake, tukapiga makofi tukaagana. Nimeona heri nichukue mtu mmoja na kumtazama kwa karibu: Mmarekani Walter Cronkite, aliyeongoza taarifa ya habari ya jioni ya CBS kuanzia tarehe 16 Aprili 1962 hadi tarehe 6 Machi 1981. Kwa miaka hiyo karibu kumi na tisa alizungumza na taifa lililoua rais wake, lililopigana Vietnam, lililompeleka mtu mwezini na lililomwona rais mwingine akijiuzulu. Mengi katika hayo, watu waliyasikia kinywani mwake.

Vijana wengi wanaokuja kwenye vyuo vyetu wakitaka kuwa watangazaji huuliza juu ya sauti, mavazi, na namna ya kutazama kamera. Si maswali ya kijinga. Lakini maisha ya Cronkite yanatufundisha kwamba hayo ni mambo ya mwisho, na kwamba anayekaa kwenye kile kiti anafaa kuwa mhariri kwanza, na msomaji baadaye. Watu walimwamini kwa sababu ya yale aliyokataa kusema kabla hajajua. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Nitaitetea kwa matukio ya maisha yake, na sitaficha pale ambapo maisha hayohayo yanaipinga.

Mwana wa daktari wa meno

Cronkite alizaliwa tarehe 4 Novemba 1916 huko St. Joseph, Missouri, mtoto pekee wa daktari wa meno. Utotoni aliishi Kansas City, kisha familia ikahamia Houston, Texas. Huko shule ya sekondari ya San Jacinto alikutana na mwalimu Fred Birney, aliyekuwa akifundisha uandishi wa habari katika shule za mji ule. Mpaka uzeeni Cronkite alimtaja mwalimu huyo kuwa ndiye aliyemwonyesha njia. Aliingia Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, lakini kazi za magazetini zilimvuta kuliko madarasa, na mwaka 1935 akaacha masomo bila shahada.

Mwaka uliofuata akapata kazi katika kituo kidogo cha redio cha KCMO, Kansas City. Alisoma habari na kutangaza michezo kwa jina la kupanga, Walter Wilcox. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo aliendelea kulisimulia maisha yake yote.

Siku moja mkuu wa vipindi alimjia mbio. Mkewe alikuwa amepiga simu kutoka nyumbani: jengo la halmashauri ya jiji linaungua, na wazimamoto wameruka kutoka juu na kufa. Kijana akaambiwa akae kwenye kipaza sauti mara moja aitangaze. Yeye akanyoosha mkono kuchukua simu awapigie zimamoto. Bosi akahamaki: kuna haja gani ya kuuliza wakati mke wangu anaona kwa macho yake? Cronkite akashikilia kwamba lazima aulize. Basi bosi akaketi mwenyewe, akaitangaza kwa maneno yake. Baadaye ikabainika kwamba ulikuwa moto mdogo na hakuna mtu aliyekufa. Aliyefukuzwa kazi ni Cronkite.

Nawaomba mtazame vizuri nani alikuwa nani pale. Bosi hakuwa mwongo. Alikuwa na shahidi anayemwamini kuliko watu wote duniani, na alikuwa na hamu ya kuwa wa kwanza. Ndivyo uongo mwingi unavyoingia hewani hata leo: hubebwa na watu wema walioaminiana. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani methali hiyo ina nafasi yake. Katika chumba cha habari ni mwongozo mbovu kabisa, na kijana wa miaka ishirini aliukataa akalipa kwa ajira yake.

Shule ya shirika la habari

Mwaka 1937 Cronkite aliajiriwa na United Press, mojawapo ya mashirika makubwa ya habari ya Marekani. Shirika la habari halina saa ya kufunga ukurasa. Wateja wake ni magazeti na vituo vya redio katika kanda za saa mbalimbali, kwa hiyo kila dakika kuna mhariri mahali fulani anayesubiri. Anayefanya kazi pale hujifunza mawili kwa mpigo: kuandika upesi, na kuogopa kusahihishwa. Kosa lako halibaki kwako. Linachapwa katika miji mia kabla hujamaliza kahawa.

Vita Kuu ya Pili ikampeleka Ulaya. Mwaka 1943 alikuwa miongoni mwa waandishi wanane waliofundishwa kuruka na ndege za kivita za Marekani, kundi lililoitwa kwa utani Writing 69th. Tarehe 26 Februari 1943 sita kati yao waliruka katika shambulio la mabomu dhidi ya bandari ya Wilhelmshaven, Ujerumani. Robert Post wa New York Times hakurudi. Ndege yake ilitunguliwa. Cronkite alirudi, akaketi kuandika. Mwaka 1944 alishuka Uholanzi kwa ndege isiyo na injini pamoja na askari wa miavuli wa Divisheni ya 101. Vita vilipokwisha aliripoti kesi za Nuremberg, kisha akawa mkuu wa ofisi ya United Press mjini Moscow.

Mwaka uleule wa 1943, Edward R. Murrow, sauti kubwa ya CBS kutoka London, alimtaka ajiunge na redio. Cronkite alikubali, kisha United Press wakamwongezea mshahara, akageuza kauli. Murrow hakufurahi. Lakini kukataa huko kulimbakiza kwenye uandishi kwa miaka mingine saba. Alipoingia CBS mwaka 1950 alikuwa na umri wa miaka 33, na alikuwa ameshazunguka magazetini, redioni, vitani na mahakamani. Televisheni haikumtengeneza, ilimkuta ameshatengenezeka.

Linganisheni na hali inayojulikana kwa wengi wenu, ambapo binti au kijana mwenye sura ya kupendeza huwekwa mbele ya kamera mwaka wa kwanza wa ajira, akaanza kujifunza habari baada ya nchi nzima kumfahamu. Nani atathubutu kumsahihisha mtu ambaye bango lake limesimama barabarani?

Dakika ishirini na mbili

CBS ilimweka kwanza Washington, katika kituo chake cha televisheni, akieleza Vita vya Korea. Mwaka 1952 akaongoza matangazo ya mikutano mikuu ya vyama vya siasa kutoka Chicago, na nchi ikamjua. Alipokabidhiwa taarifa ya jioni mwaka 1962, taarifa hiyo ilikuwa ya robo saa. Tarehe 2 Septemba 1963 ikawa ya nusu saa, na usiku huo ikafunguliwa kwa mahojiano na Rais John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, ambamo Vietnam ilitajwa. Wiki moja baadaye NBC wakafuata mtindo.

Ukitoa matangazo ya biashara, nusu saa ile ilibaki na dakika kama ishirini na mbili. Ndani ya dakika hizo iingie dunia nzima. Cronkite mwenyewe alikuwa akisema mara kwa mara kwamba maneno yote ya taarifa yake hayajazi hata ukurasa wa mbele wa gazeti, na kwamba mtu anayetegemea televisheni peke yake hajapata habari za kutosha. Ni watangazaji wangapi mnaowajua wanaowaambia watazamaji kwamba kipindi chao hakitoshi?

Alidai apewe cheo cha mhariri mtendaji wa taarifa, cheo alichokichukua kutoka magazetini, na alikitumia kweli. Waandishi wa zamu walimletea habari zilizoandikwa: za ndani ya nchi, za nje, na mengineyo. Yeye alizipitia kwa kalamu. Aliuliza idadi imetoka wapi. Alikata vivumishi. Alirudisha karatasi ambayo chanzo chake hakikueleweka. Dawati lake lilikuwa ndani ya chumba cha habari chenyewe, huku watu wakiandika na mashine za teleksi zikigonga nyuma yake, kwa hiyo mtazamaji aliona mahali habari inapopikwa.

Alipofika hewani alisoma polepole. Inaelezwa kwamba alijizoeza kasi ya maneno 124 hivi kwa dakika, ilhali Mmarekani wa kawaida hutamka zaidi ya 160. Mwenda pole hajikwai, lakini hapa pole ilikuwa na kazi ya pili: ilimpa mzee aliyekaa mbali na seti, na mama aliye jikoni, nafasi ya kushika kila jina. Heshima kwa msikilizaji huanza kwenye kasi.

Msidhani kwamba njia ilinyooka. Miaka mingi ya mwanzo taarifa ya NBC ya Chet Huntley na David Brinkley ilikuwa na watazamaji wengi kuliko ya kwake. Mwaka 1964, baada ya takwimu mbaya za watazamaji kwenye mkutano mkuu wa Republican, CBS ilimwondoa katika kuongoza matangazo ya mkutano wa Democratic na kuwaweka Robert Trout na Roger Mudd. Aibu hiyo ilikuwa ya hadharani, magazeti yakaiandika. Alibaki kwenye taarifa yake ya jioni, akaendelea na kalamu yake. Ilichukua miaka kadhaa kabla hajaongoza, na akishaongoza hakushuka mpaka alipostaafu.

Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1963

Sasa tuitazame siku moja kwa karibu, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana kwa saa za Dallas, saa saba na nusu kwa saa za New York, risasi zilipopigwa kwenye msafara wa Kennedy. Mwandishi wa United Press International, Merriman Smith, alikuwa kwenye gari la wanahabari lenye simu ya redio. Aliishika simu ile akatuma habari, huku mwenzake wa Associated Press, Jack Bell, akiipigania bila mafanikio. Mashine zikagonga New York.

Kamera za zama zile zilihitaji muda kupata moto kabla hazijatoa picha, na kamera ya chumba cha habari ilikuwa imezimwa. Cronkite hakusubiri. Saa saba na dakika 40 CBS ilikata tamthilia ya mchana, ikaweka maandishi kwenye kioo, na watu wakasikia sauti tu: risasi tatu zimefyatuliwa kwenye msafara wa Rais huko Dallas. Sura yake ilionekana kama dakika ishirini baadaye. Alikuwa hana koti, ana shati na tai, kama alivyokutwa mezani.

Kuanzia hapo mpaka saa nane na nusu na kidogo, tuone alivyobeba uzito. Kutoka Dallas mwandishi wa kituo mshirika alikuwa ameshasema kwamba kuna taarifa za hospitali kuwa Rais amekufa. Mwandishi wa CBS aliyekuwa kule, Dan Rather, alikuwa amefikia hitimisho hilo, na redio ya CBS yenyewe ikatangaza kifo. Cronkite, akiwa hewani, akapewa yote hayo. Aliyasema, lakini kila moja alilitaja kwa hadhi yake: hii ni tetesi, haijathibitishwa, hii imetoka kwa mwandishi wetu, si tangazo rasmi. Hakuficha, wala hakuvika tetesi kanzu ya ukweli. Dakika zikapita, mwenzake wa redio ameshatangulia, na bado akangoja.

Saa nane na dakika 38 kwa saa za New York akaletewa karatasi. Akavaa miwani akaisoma, akaeleza kwamba taarifa kutoka Dallas, ambayo yaonekana ni rasmi, inasema Rais Kennedy amefariki saa saba mchana kwa saa za kule. Akavua miwani, akatazama saa ya ukutani, akasema ni dakika kama 38 zilizopita. Kisha akanyamaza kidogo, akameza mate, akavaa miwani tena na kuendelea na habari ya makamu wa rais, Lyndon Johnson, kwamba pengine ataapishwa.

Watu wanapoionyesha picha hiyo leo, huionyesha kwa ajili ya yale machozi yaliyokaribia. Mimi nawaomba muitazame kwa ajili ya dakika zilizotangulia. Uchungu wa mtangazaji uliwafikia watu kwa sababu walikuwa wamemwona akikataa kuutoa mapema. Angelitangaza saa nane na robo angekuwa sahihi pia, kwa maana Rais alikuwa kweli amefariki. Lakini angekuwa sahihi kwa bahati, na bahati si kazi ya uandishi.

Vietnam, na hadithi tamu kupita kiasi

Mwezi Februari 1968, baada ya mashambulizi ya Tet, Cronkite alikwenda Vietnam mwenyewe. Alifika Hue wakati mji huo ukiwa bado unapiganiwa. Tarehe 27 Februari CBS ikarusha taarifa yake maalumu. Karibu yote ilikuwa ripoti: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Mwishoni akawaambia watazamaji kwamba sasa anatoa maoni yake binafsi, kisha akasema vita vimekwama na njia ya busara ni mazungumzo.

Hapo kuna somo la ufundi. Hakupenyeza maoni ndani ya habari kwa kukunja uso au kuinua nyusi. Aliyatenga, akayapa jina lake, akayatoa mara moja, kesho yake akarudi kwenye kusoma habari.

Lakini tangu siku hiyo imesimuliwa hadithi kwamba Rais Johnson aliitazama taarifa ile, akazima televisheni na kusema kuwa akishampoteza Cronkite ameshaipoteza nchi. Hadithi hiyo imo katika vitabu vingi na hufundishwa vyuoni. Mwanazuoni W. Joseph Campbell aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 2010, Getting It Wrong. Usiku ule Johnson hakuwa Ikulu mbele ya seti. Alikuwa Austin, Texas, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Gavana John Connally. Maneno anayodaiwa kuyasema yanasimuliwa kwa namna tofauti kila mtu anapoyasimulia. Na kura za maoni zilikuwa zimeshaonyesha, kabla ya Cronkite kufungua kinywa, kwamba Wamarekani wengi wameanza kuona vita vile ni kosa.

Naitaja kwa sababu ni kejeli ya aina yake: mtu aliyeishi kwa kuhakikisha, sifa yake kubwa imejengwa juu ya habari isiyohakikishwa. Na walioieneza wengi wao ni waandishi wa habari. Tuliipenda kwa kuwa inatupamba. Inasema kwamba mmoja wetu, kwa dakika chache za maneno, aliweza kumwangusha rais. Habari inayotusifu sisi wenyewe ndiyo ya kuichunguza mara mbili.

Vivyo hivyo ile sifa ya kuwa mtu anayeaminiwa kuliko wote Marekani. Ilitokana na kura ya maoni ya mwaka 1972 ya kampuni ya Oliver Quayle, ambamo jina la Cronkite liliwekwa pamoja na majina ya wanasiasa. Kumshinda mwanasiasa kwa kuaminika si mlima mrefu. CBS waliichukua sifa hiyo wakaitangaza, na biashara ikanoga.

Pale alipopungukiwa

Nilisema sitaficha. Mwezi Machi 1968 Cronkite alikutana faraghani na Seneta Robert Kennedy na kumhimiza agombee urais, wakati yeye mwenyewe ndiye anayesoma habari za uchaguzi huohuo. Mtazamaji hakuambiwa. Hilo ni kosa, na ukubwa wa jina haulipunguzi. Kuhusu safari za anga alikuwa mshabiki: tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, alivua miwani, akasugua mikono na kukosa maneno. Wengi tunampenda kwa hilo, lakini ushabiki huo pia ulimfanya asiihoji sana idara ya anga na fedha zake.

Upo pia mpaka wa mamlaka yake. Tarehe 27 Oktoba 1972, siku chache kabla ya uchaguzi, alitoa dakika 14 za taarifa yake kwa sakata la Watergate, lile lililokuja kumfanya rais ajiuzulu, wakati televisheni nyingi zilikuwa zikilipita juu juu. Sehemu ya pili ilipangwa iwe na urefu kama huo. Ikulu, kupitia msaidizi wa Rais, Charles Colson, ikampigia simu mwenyekiti wa CBS, William Paley. Sehemu ya pili ikatoka ikiwa imefupishwa, dakika kama nane. Huyo ndiye mtangazaji mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake, na bado kiti kilikuwa cha wakuu wa kampuni.

Alistaafu tarehe 6 Machi 1981 akamwachia Dan Rather nafasi. Alitarajia ataendelea kutumiwa na kituo chake. Kwa sehemu kubwa aliwekwa kando, na hakuficha kwamba kulimuuma. Alifariki New York tarehe 17 Julai 2009, akiwa na miaka 92.

Na sisi je?

Mtaniuliza: hayo ya Marekani yanatuhusu nini? Nitajibu kwa mambo matatu ya kwetu.

La kwanza ni asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, Nairobi. Askari waasi wa jeshi la anga walimchukua Leonard Mambo Mbotela kutoka nyumbani kwake hadi kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Sauti yake ileile iliyokuwa ikiuliza kila wiki redioni, Je, Huu ni Ungwana?, ikatamka maneno yaliyoandikwa na wenye bunduki. Hakuna wa kumlaumu. Tukio lile linatuonyesha tu kwamba walioasi walijua thamani ya sauti inayoaminiwa, pengine kuliko waajiri wengi wanavyoijua.

La pili ni namna habari kubwa zinavyotufikia. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa ndiye aliyelitangazia taifa. Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyetoka usiku kwenye televisheni ya taifa. Ni utaratibu wenye heshima yake, na sina neno nao. Lakini siku zinazotangulia tangazo kama hilo, mitandao hujaa tetesi, na msomaji wetu wa saa mbili usiku husoma habari nyingine kama kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo tunapohitaji ule ustadi wa Cronkite wa kuipa kila habari hadhi yake: hili linasemwa, hili halijathibitishwa, tumeuliza fulani, hajajibu. Kati ya kunyamaza na kutangaza tetesi ipo njia ya tatu, na ndiyo ngumu.

La tatu ni mwendo wa watangazaji wetu. Kanze Dena alitoka Citizen TV kwenda Ikulu ya Nairobi mwaka 2018. Zuhura Yunus alitoka BBC kwenda kuongoza mawasiliano ya Rais wa Tanzania mwaka 2022. Ni uamuzi wao halali, na serikali nayo inahitaji watu wanaojua kusema na umma. Cronkite mwenyewe alitajwa mwaka 1972 miongoni mwa watu wa kumsindikiza mgombea urais George McGovern kama mgombea mwenza. Hakuulizwa, na baadaye akasema angekubali. Basi tusijifanye watakatifu. Ninalosema ni hili: imani ya watazamaji aliyoikusanya mtangazaji kwa miaka, aliikusanya kwa jina la chumba cha habari. Akiondoka nayo, chumba kinapaswa kuwa na wengine walioiva. Kama hakina, kosa ni la waliokijenga chumba juu ya sura moja.

Kwa hiyo namalizia kwa maombi. Wenye vituo: msimweke mtu mbele ya kamera kabla hajafanya kazi ya kutafuta na kuandika habari kwa miaka, na mkishamweka mpeni mamlaka ya kuhariri anachokisoma. Mkimpa karatasi asiyoruhusiwa kuihoji, mmeajiri kipaza sauti, si mtangazaji. Wahariri wa zamu: mlindeni anayenyanyua simu kuuliza, hata kama kituo cha jirani kimeshatangulia. Nanyi wanafunzi, jifunzeni sauti na mavazi, ni sehemu ya kazi. Lakini siku ya kwanza kazini, mkuu wenu atakapowajia mbio na habari aliyoipata nyumbani kwake, pigeni simu kwanza. Mkifukuzwa kwa hilo, mmefukuzwa mkiwa waandishi wa habari.